Namba Nne Alivyoisifia Nyumba

Wasomaji wangu, Jumamosi iliyopita niliwaacha chini ya ngazi, simu mkononi. Aliyeikosa sehemu ile, au aliyefungia samaki gazeti lile kabla hajaisoma, nampa kwa ufupi aingie nasi.

Jina langu Tjerk Wiarda, miaka arobaini na sita, mfanyakazi wa kivuko. Kazi yangu ni kufungua lango, watu wa Amsterdam watoke na baiskeli zao, kisha nilifunge, kisha nitukanwe na waliochelewa. Miezi kumi na minne iliyopita tuliachana na mke wangu Sietske, kwa hati, kwa muhuri, kwa kupeana mikono mbele ya wakili. Na jana nimelala wapi? Kwa Sietske. Chumba cha pili, ukuta mmoja, choo kimoja, na mswaki wangu kwenye kikombe kilekile cha siku zote.

Msinicheke. Nyumba ya shirika la nyumba za kodi nafuu, ile ambayo mtu wa mshahara wangu anaweza kuilipia kodi na bado akala, inasubiriwa miaka kumi na tatu, kumi na minne. Ndoa inavunjwa kwa asubuhi moja. Vyumba viwili na jiko ni habari nyingine.

Basi tukaandikiana mkataba, ukabandikwa kwenye mlango wa friji. Mwandiko ni wa Sietske, uleule anaowaandikia wagonjwa siku ya kuja kung'olewa jino, maana yeye ni msaidizi wa daktari wa meno. Atakayepata nyumba kwanza ndiye anayeondoka. Anayebaki anabaki na nyumba. Aliyepewa nyumba haruhusiwi kuikataa. Na atakayefungiwa na shirika asiombe tena nyumba, kwa uzembe wa kutokwenda kutazama aliyoitiwa, amevunja mkataba, achukue begi lake atoke.

Haya, sasa nakiri, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Mimi sikutaka kuondoka hata siku moja. Ile nyumba ni nyumba, jamani! Vyumba vinne, kodi ya zamani, jua la asubuhi linaingia mpaka mezani. Nikajiambia, Tjerk, wewe kaa hapo hapo kama gogo, mwenzako ndiye atakayepata, mwenzako ndiye atakayefunga mizigo. Kwa hiyo kila wiki nikawa naomba nyumba ambazo hata malaika asingenipatia. Nyumba za wanafunzi. Nyumba za watu wa viti vya magurudumu. Nyumba za familia zenye watoto watano. Nilijaza fomu hizo kwa bidii, bila kosa la herufi.

Ijumaa jioni tunakaa mezani, kila mtu anamsomea mwenzake jibu la shirika kwenye simu, ndivyo mkataba unavyotaka.

"Umekosa tena?" Sietske ananiuliza.

"Nimekosa," namjibu, najikuna sikio, nahema kwa huzuni. "Na wewe?"

"Nimekuwa wa mia sita na kumi na mbili."

"Loo! Pole sana."

"Asante. Tusikate tamaa."

Kisha kila mtu chumbani kwake. Mimi nilikuwa nikicheka ndani ya mto mpaka machozi.

Ndipo likaja lile kosa nililowasimulia. Wiki tatu zilizopita niliomba nyumba ya ghorofa ya nne isiyo na lifti, iliyotengwa kwa watu wa miaka hamsini na tano na kuendelea. Salama kabisa, nikasema, umri wenyewe utanikataa. Kumbe karibu hakuna mzee mwenye akili zake aliyetaka kupanda ngazi zile. Jumatano shirika likaliondoa lile sharti la umri. Waliokuwa wameshaomba wakabaki kama walivyo, na walikuwa wanne tu. Simu ikalia: hongera, Bwana Wiarda, wewe ni wa nne kwa miaka ya foleni, njoo utazame nyumba Alhamisi saa nne.

Kutokwenda ni kufungiwa, na kufungiwa ni begi mlangoni. Kwenda ni hatari ya kupewa. Tumaini langu lilibaki moja: kati ya wale watatu walionitangulia, mmoja aipende nyumba na aichukue.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa twendeni juu.

Ngazi zilikuwa zimesimama wima, unapanda magoti yakikugonga kidevu. Juu kabisa, mlangoni, nikamkuta dada wa shirika, Fenna, kijana mwenye miwani na ubao wa karatasi mkononi. Hakuniuliza jina.

"Namba?"

"Nne."

"Karibu, namba nne. Vua viatu au pangusa. Namba moja yumo ndani, namba mbili anapanda, namba tatu hajafika."

Namba moja alikuwa mzee mmoja mnene anaitwa Govert, miaka ishirini na moja ya foleni, anahema huku anapima ukuta kwa futi ya fundi. Nikamwendea kama ndugu yangu.

"Mzee, hongera! Umepata nyumba."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe namba ngapi?"

"Nne."

"Mh." Akakunja futi yake. "Unasemaje kuhusu unyevu?"

Wasomaji wa mjini mnajua jinsi mambo yanavyokwenda siku ya kutazama nyumba. Wa nyuma anamtisha wa mbele. Anagusa ukuta anaguna. Anauliza kwa sauti kama ni kweli panya wamerudi. Anasimama bafuni anatikisa kichwa kama daktari mbele ya maiti. Wa mbele akikata tamaa, wa nyuma anasogea. Mimi mwenyewe wakati wa ujana niliwahi kumwambia mtu kwamba mpangaji wa kwanza alijinyonga jikoni, na hakujinyonga mtu.

Lakini siku ile nilitaka kinyume chake, nikamwaga sifa.

"Unyevu? Mzee, ukuta huu ni mkavu kama biskuti. Na mwanga je! Tazama mwanga huo. Sakafu ya mbao halisi. Majirani watulivu, watu wa kanisani."

"Umewajuaje?"

"Nimesikia tu."

"Na ngazi?"

"Ngazi ni afya, mzee wangu. Mimi ningekuwa wewe ningesaini hata kabla ya chai."

Govert akarudi nyuma hatua moja. Akagonga ukuta kwa kidole, akatega sikio. Akanitazama tena, na macho yalikuwa yamebadilika kabisa.

"Kijana, nimekwenda kutazama nyumba thelathini na nne katika mji huu. Sijapata kumsikia wa nyuma akiisifia nyumba. Hata mara moja. Nini kimefichwa hapa?"

"Hakuna kitu, mzee! Wallahi nyumba nzuri!"

"Ni msingi, sivyo? Nguzo za mbao zinazobeba jengo zimeoza. Jengo linazama."

"Halizami!"

"Mbona jasho linakutoka?"

Nikajifuta. Kujifuta kwenyewe kukawa ushahidi. Mzee akapita mbele ya Fenna bila hata kusimama. "Nifute, binti yangu. Mimi si mjinga." Tukamsikia akishuka, ngazi moja moja, akinung'unika habari za nguzo.

Fenna akachora mstari kwenye karatasi yake. "Namba moja ametoka."

Sikuvunjika moyo. Alikuwepo namba mbili. Dada mmoja mrefu, muuguzi, anaitwa Annelot, kofia ya mvua bado kichwani. Nikajiambia, huyu mwendee polepole, Tjerk, usimmwagie ndoo nzima.

"Nyumba si mbaya," nikasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Si mbaya?"

"Nzuri kiasi."

Akatabasamu. Nikapata nguvu. "Kwa kweli ni nzuri sana. Kabati la jikoni peke yake..."

Tabasamu likazimika. "Haya, niambie ukweli. Nani kawatuma?"

"Nani kamtuma nani?"

"Wewe na yule mwanamke wa chini. Namba tatu. Nimemkuta anafunga baiskeli yake, kanishika mkono, ananiambia hivyo hivyo. Mwanga. Sakafu ya mbao. Nisaini kabla ya chai. Mnapata nini nyinyi, mkitutia watu humu ndani?"

Kabla sijajibu, sauti ikapanda kutoka chini, sauti ya furaha, inahema lakini haikubali kushindwa.

"Jamaniii! Ngazi gani nzuri hizi! Mazoezi ya bure kila siku!"

Wasomaji wangu, sauti ile naijua. Nimeisikia miaka kumi na saba kupitia mlango wa bafu.

Mlangoni akatokea Sietske, mashavu mekundu, mvua kwenye nywele, koti lake la kijani ambalo mimi ndiye niliyemnunulia.

"Namba?" akauliza Fenna.

"Tatu," akasema Sietske, na hapo hapo akaniona. Mdomo ukabaki wazi.

Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana katika dirisha moja.

"Wewe unafanya nini hapa?" akaniuliza.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimeuliza kwanza mimi!"

"Hii ni nyumba ya wazee, Sietske."

"Najua ni ya wazee! Ndiyo maana nika..." Akajikatiza mwenyewe.

Annelot akatutazama mmoja baada ya mwingine, akavuta kofia yake vizuri. "Nilijua mko pamoja. Aibu yenu." Akamgeukia Fenna. "Nifute na mimi." Akashuka ngazi mbili mbili, na miguu yake ni mirefu, hakuchukua hata nusu dakika.

Fenna akachora mstari wa pili. "Namba tatu, ni wewe sasa. Shirika linatoa dakika kumi za kufikiri. Ukikataa, inakwenda kwa namba nne. Mimi nasubiri hapa kwenye ngazi, maana nyinyi mna harufu ya ugomvi."

Akatufungia mlango.

Hebu nipigieni hesabu pamoja nami. Sietske akiichukua, anaondoka, na nyumba yetu ya vyumba vinne inakuwa yangu peke yangu mpaka nife. Sietske akiikataa, amevunja mkataba, na bado nyumba hii inaniangukia mimi. Miezi kumi na minne ya ujanja wangu ilikuwa imefika mlangoni mwa ushindi. Kilichobaki ni Sietske aseme neno moja tu.

Nikaanza tena. Nilikuwa nimeshazoea.

"Kwa kweli, Sietske, nyumba nzuri. Mwanga wake tu..."

"Tjerk."

"Sakafu ya mbao..."

"Tjerk, shusha mkono."

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa sikioni, unakuna.

"Miaka kumi na saba," akasema Sietske. "Ukidanganya unashika sikio. Ulilishika ulipomwambia mama kwamba supu yake tamu. Ulilishika mbele ya wakili, alipokuuliza kama una uhakika. Na unalishika kila Ijumaa, mezani, ukiniambia umekosa nyumba."

Nikaushusha mkono. "Kila Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa ya kwanza. Wewe unadhani sijui unaomba nyumba za wanafunzi? Mwanamume wa miaka arobaini na sita, anaomba chumba chenye kitanda cha ghorofa!"

"Na wewe hao mia sita na kumi na mbili umewatoa wapi?"

Akatazama sinki. "Naomba nyumba za wanajeshi wastaafu," akasema taratibu.

Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Nilijaribu kuzuia, haikuzuilika. Yeye akafuata, akashika kabati la jikoni, akainama, akacheka kile kicheko chake cha kukoroma ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka juzi. Wastaafu! Na mimi wanafunzi! Kila Ijumaa tunapeana pole kama wafiwa! Tulicheka mpaka Fenna akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu anaumia.

Tulipotulia, Sietske alikuwa amesimama dirishani, anajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Kile si kivuko chako?"

Nikasogea. Kweli. Kule chini, juu ya maji ya kijivu, kivuko kilikuwa kinavuka, na langoni alisimama mwenzangu wa zamu amevaa lile koti letu la njano. Kutoka dirisha lile unaona kila anayefungua na kila anayefunga.

"Sietske," nikamuuliza, "kama ulijua tangu Ijumaa ya kwanza, mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeondoka."

Alisema hivyo tu, huku anatazama maji.

Nitawaambia ukweli, maana nimewaahidi ukweli. Lile neno lilinipiga hapa, kifuani. Miezi kumi na minne nilidhani napigania jua la asubuhi na kodi ya zamani. Nilimdharau mwanamke huyu kwa kila nyumba aliyoikosa, nikamcheka kwenye mto, na ukutani upande wa pili yeye alikuwa akinisikia nacheka na akanyamaza nisiondoke. Nilitaka kumwambia kitu. Kitu cha maana, cha mtu mzima. Nilichosema ni hiki:

"Na kabati la jikoni je, umeliona?"

Sietske akafumba macho. "Bure kabisa wewe," akasema, lakini si kwa ukali. Alionekana amechoka, basi. Akafungua mlango.

"Naichukua," akamwambia Fenna.

Sikuamini masikio yangu. Nimeshinda! Vyumba vinne! Nilijitafutia ile furaha ya kwenye mto, nikaitafuta kila mahali, haipo.

"Sietske, ngoja kidogo."

"Nimengoja miezi kumi na minne mtu aseme jambo. Sasa nasema mimi."

Fenna alikuwa ameshatoa fomu, anaandika akiwa ameegemea ukuta. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Miaka ya foleni: kumi na tatu na miezi tisa. Mimi ninayo kumi na tatu na miezi mitano. Alijiandikisha miezi minne kabla yangu, tukiwa bado mume na mke, na mpaka leo sijamuuliza tuligombana nini mwezi ule.

"Ukisaini hapa, miaka yako yote inafutwa, unajua," akasema Fenna. "Ukija kuhama tena, unaanza sifuri."

"Najua."

"Sasa kuna swali moja la mwisho. Wakazi wangapi? Mmoja au wawili?" Akainua miwani. "Naliuliza sasa kwa sababu baadaye halibadiliki. Vyumba viwili vya humu vinatosha watu wawili. Ila huyo wa pili, kama naye ana miaka ya foleni, inafutwa pia, na nyumba yoyote aliyoandikishwa sasa hivi inarudi kwa shirika siku hiyo hiyo."

Chini mtaani kengele ya baiskeli ililia mara mbili.

Nilipiga hesabu, Mungu anisamehe. Vyumba vinne. Miaka kumi na tatu na miezi mitano. Kila kitu kwenye mstari mmoja wa fomu, kwa mwanamke ambaye nina hati ya mahakama kwamba si wangu.

"Wawili?" akauliza Fenna, kalamu hewani.

Sietske hakumjibu. Alinigeukia mimi, nywele bado zina maji.

"Muulize huyo hapo," akasema. "Ndiye aliyeisifia nyumba hii asubuhi nzima. Muulize kama angekaa ndani yake."

Wote wawili wakanitazama. Nikafungua mdomo nijibu hapana.

Na mkono wangu, sikuutuma mimi, ulikuwa tayari unapanda kwenda sikioni.